Ibra, mchanga wa Bidiya na Sur kwa siku moja, na mama mwenye presha: inawezekana?

Swali: "Asalam alaykum. Mi niko Maskati mwaka wa tatu sasa. Mama anakuja kutoka Unguja mwezi wa kwanza, ana miaka 67 na anameza dawa za presha. Nataka nimtembeze Ijumaa moja: asubuhi tuanzie Ibra kwa shoga yake waliosoma skuli moja kabla huyo shoga hajahamia Oman na wazazi wake, hawajaonana zaidi ya miaka arobaini, alafu Bidiya tupande milima ya mchanga ya jangwani, alafu Wadi Bani Khalid, alafu Sur ana mwenzake mwengine, turudi usiku kwa njia ya pwani. Rafiki yangu ananiazima Prado, mchangani sijawahi kuendesha. Watu wananichanganya, mmoja anasema ukiwa na foo-wili hukwami, mwengine anasema punguza upepo wa tairi, mwengine anasema ukikwama mwaga maji. Na mama mwenyewe ashasema njiani hanywi maji sababu ya choo. Inawezekana? Na twende na zawadi gani?"

Jibu:

Waalaykum salaam mwanangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na naona umebeba mambo mawili kwa pamoja. Unaogopa kukwama mchangani na mama yako, hilo umelisema. La pili hujalisema ila linaonekana, kwamba mama anakaa siku chache na unataka arudi Unguja amemuona kila mtu na ameona kila kitu. Mi kazi yangu miaka mingi ni kupeleka watu mchangani na kuwafundisha madereva, na nakwambia hilo la pili ndo linaloharibu safari nyingi, mchanga unasingiziwa tu.

Tuanze na hesabu. Maskati mpaka Ibra ni kama kilomita 170, weka masaa mawili kasorobo mpaka mawili. Ibra mpaka Bidiya kama 50 hivi. Bidiya mpaka kwenye maji ya Wadi Bani Khalid, pamoja na kupanda mlima na kushuka, karibu saa nzima. Kutoka huko mpaka Sur saa moja na nusu. Sur mpaka Maskati kwa njia ya pwani kilomita 200 na kitu. Jumla unakaribia kilomita 600 na masaa saba ya kukaa kwenye kiti, na hapo hujasimama kujaza mafuta, hujasali, hujala, hujamsubiri mama avae viatu. Mwezi wa kwanza jua linachomoza karibu na saa moja asubuhi na linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni, yaani mchana wenyewe ni kama masaa kumi na moja. Ukitoa saba yanabaki manne, na hayo manne uyagawe kwa nyumba mbili, mchanga na wadi. Kwa hiyo jibu la swali lako ni hapana, kwa siku moja haiwezekani, ukilazimisha mtafika kila mahali na hamtakaa popote.

Sasa nikueleze kuhusu Ibra, manake hapo ndo naona hukupapimia sawasawa. Wewe umeiweka asubuhi kama kituo cha kupita, mnasalimia mnaondoka. Mwanangu, hawa watu hawajaonana miaka arobaini. Na nyumba ya Kiomani hata kwa mgeni wa kawaida haina salamu ya dakika kumi, mkiingia linatandikwa fwala, matunda kwanza, tende, haluwa, alafu kahawa kwenye vikombe vidogo, inamiminwa tena na tena mpaka utikise kikombe ndo wajue umetosheka, alafu ukisema unaondoka ndo kwanza wanakwambia chakula kiko jikoni. Kukataa chakula kwa mtu aliyekusubiri tangu asubuhi ni kumvunja moyo. Alafu kuna jambo ambalo vijana wengi wanaotoka kwetu hawalijui mpaka limewakuta: wewe utawekwa kwenye majlisi, chumba cha wageni wanaume, na mama atapelekwa ndani kwa wanawake, hutamuona tena mpaka wakati wa kuondoka. Huwezi kumkonyeza kwamba muda umekwisha, na huwezi kumuona kama kameza dawa au kachoka. Itabidi umpigie simu aliye chumba cha pili, au umtume mtoto, na mtoto atarudi na jibu kwamba bibi anasema bado.

Niliwahi kumchukua bibi mmoja wa umri huo huo kumpeleka kwa mwenzake huko Sharqiya, upande wa mashariki wa Oman zilipo Ibra na Bidiya, tulipanga nusu saa. Nilivyokuja kuambiwa na wajukuu ni kwamba walishikana mikono pale kwenye zulia wakawa hawazungumzi sana hata, wamekaa tu, mpaka alasiri ikaadhiniwa. Safari yetu iliyobaki tukaifuta na sikujuta hata kidogo.

Kwa hiyo igeuze siku. Ziara ya rafiki iwe ya mwisho na isiwe na kitu nyuma yake cha kuikimbiza. Tokeni Maskati saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mpite Ibra bila kuingia kwa shoga yake (najua mama atauliza, mwambie tunarudi), saa tatu mko Bidiya na mchanga bado wa baridi, mkae huko mpaka saa tano hivi, alafu mrudi Ibra mfike karibu na adhuhuri, mle, mpumzike, waongee mpaka baada ya alasiri. Mkiondoka saa kumi mnafika Maskati mwanga wa mwisho ukiwepo au magharibi ndo inaingia. Na Ibra kuwa njiani kurudi maana yake ukichoka hujabakiwa na kilomita nyingi.

Na siku yenyewe nakushauri iwe Jumamosi. Ijumaa wanaume wote wako msikitini mchana, na baada ya swala ndo chakula kikubwa cha wiki, watoto na wajukuu wote wanajaa nyumbani kwa wazee. Kama shoga wa mama mwenyewe atasema njooni Ijumaa nataka mjuane na wanangu, hapo nendeni bila kufikiri mara mbili. Lakini kama ni wao wawili kukaa na kukumbushana mambo, Jumamosi ina utulivu zaidi. Mpigie simu mwenyewe umuulize, usikisie.

Tuje kwenye mchanga. Watu wanauita Wahiba kwa jina la kabila lililokaa humo, siku hizi kwenye ramani rasmi utakuta Mchanga wa Sharqiya. Una urefu wa kama kilomita 180 kutoka kaskazini kwenda kusini na upana wa kama 80, ukipima kwa eneo Unguja nzima inaingia humo mara saba na inabaki nafasi. Milima yake imelala kwa mistari, kaskazini kusini, na aliyeilaza ni upepo. Hili mwambie mama atalipenda: upepo wa kusi ule ule uliokuwa ukirudisha majahazi kutoka Unguja kuja Uarabuni, ukivuka ikweta unapinda, unafika huku ukitokea kusini magharibi, na ndo ulioujenga mchanga huu kwa maelfu ya miaka. Na zile nyumba kuukuu za ghorofa za Ibra, mtaa wa Manzfah, zilijengwa na wafanyabiashara ambao mali yao nyingi ilitoka upande wetu wa Afrika Mashariki. Kwa hiyo mama hatakuwa mgeni kabisa.

Hao marafiki zako watatu sasa. Anayesema foo-wili haikwami amekosea, na huyo ndo wa hatari kuliko wote. Foo-wili inagawa nguvu kwenye tairi nne, basi, haiongezi nguvu ya mchanga kukubeba. Nimevuta Prado na Land Cruiser zisizohesabika kutoka mashimoni, zote foo-wili. Gari linakwama kwa sababu ya uzito kukandamizwa kwenye eneo dogo, na hapo ndo huyu wa pili anayesema punguza upepo yuko sawa.

Fikiria hivi. Tairi inaukandamiza mchanga kwa nguvu inayokaribiana na upepo uliomo ndani yake. Barabarani Prado ina kama 32 psi, yaani ratili kwa kila inchi ya mraba (stika iko mlango wa dereva, iangalie, namba ya hiyo gari ndo ya kufuata), kwa hiyo kila inchi ya mraba inayogusa chini inabeba takriban ratili 32. Mchanga mkavu hauwezi, chembe zake ni za duara na hazishikani, zinateleza pembeni na tairi inazama. Ukishusha mpaka 16, uzito ni ule ule lakini tairi inalala, inakuwa ndefu chini, eneo linakuwa karibu mara mbili, na kila inchi inabeba nusu tu. Tazama mguu wa ngamia anavyokanyaga, ule wayo unatanuka kama chapati, wala hazami, na ng'ombe mwenye kwato ngumu hapo hapo anazama. Madereva wengi wa huku wanakaa kati ya 15 na 18. Chini ya 12 usishuke kwa mazoea, tairi inaweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona, hiyo namba ni ya kujinasulia tu ukishakwama, na ukitoka unajaza.

Ila upepo uliopungua una upande wa pili. Ukirudi barabarani ukakimbia mia na ishirini na tairi zina 16, ubavu wa tairi unakunjwa na kukunjuka kila mzunguko, unapata moto, na tairi inapasuka. Kwa hiyo ukitoka tu mchangani, kabla ya kitu chochote, jaza. Bidiya maduka ya panchari yapo na wamezoea, mnaingia wanajaza kwa pesa ndogo mnaondoka. Na kabla ya safari soma tarehe ya tairi za hiyo Prado ya kuazimwa, ubavuni kuna namba nne za mwisho, mbili za wiki na mbili za mwaka, ukikuta 1416 maana yake wiki ya 14 mwaka 2016. Tairi ya namna hiyo hata kama kashata zake bado nene mi simpandishi mama yangu. Mpira unakauka na joto la huku, hata gari likiwa limesimama tu.

Wa tatu, wa maji. Kweli mchanga uliolowa ni mgumu, ndo maana ufukweni ukitembea karibu na maji huzami. Lakini kiasi cha maji cha kuukaza mchanga chini ya tairi nne za gari la tani mbili na zaidi hamtakuwa nacho, chupa zenu zote mtazimwaga zitazama dakika moja, na sasa mmekwama bila maji ya kunywa. Maji mchangani ni ya kuingia mdomoni.

Sasa uendeshe mwenyewe au usiendeshe? Nitakupa njia tatu na maoni yangu.

Ya kwanza msiingie kabisa. Watu wengi hawajui kwamba Mintirib, mji wa Bidiya, mchanga unaanzia nyuma ya nyumba, unasimama na gari kwenye lami na mlima wa mchanga uko mbele yako. Mama anavua viatu, anakanyaga, anakaa juu ya mkeka, mnakunywa chai ya chupa. Kwa mtu wa miaka 67 ambaye hajawahi kuona jangwa, hiyo inatosha zaidi ya unavyodhani, na haigharimu kitu.

Ya pili mchukue dereva wa pale pale Bidiya, wapo, na kambi za mchangani nazo zina utaratibu wa kumfuata mgeni kwenye lami na kumpeleka ndani, gari lenu mnaliacha. Elewaneni bei mapema na mwambie kwa herufi kubwa kwamba kuna mama mtu mzima mwenye presha, hakuna kurusha gari wala kushuka mlima kwa mbwembwe. Wengine wanadhani kila mgeni anataka kupiga mayowe. Dereva asipokubali hilo tafuta mwengine. Mi hii ndo ningechagua kwa siku yenu.

Ya tatu ni wewe kuingia na Prado. Siikatai, ila siku ya kwanza ya maisha yako mchangani isiwe na mama ndani, wala isiwe gari moja peke yake. Njoo wiki mbili kabla na mtu anayejua, na gari la pili, ufundishwe kwa vitendo, hili jambo halifundishiki kwa maandishi, linataka usikie usukani unavyolegea na injini inavyolia. Na muulize rafiki yako bima ya gari inasemaje kuhusu nje ya barabara, nyingi hazilipi, na mulkiya, kadi ya usajili wa gari, iwemo ndani siku hiyo.

Ukija kujifunza, machache ya kuja nayo kichwani. Mlima wa mchanga unapandwa na kushukwa wima, usiukate ubavuni, gari likiteremka kwa ubavu linabiringika. Usifunge breki ghafla, mchanga unarundikana mbele ya tairi na unajikwamisha mwenyewe, achia mafuta gari lisimame lenyewe, na likisimama liwe limetazama chini. Likianza kuzama na tairi zinazunguka bila kwenda, acha mafuta hapo hapo. Hapa ndo wanaume wanapoharibu, anakanyaga zaidi kwa hasira, tairi inachimba, dakika moja tumbo la gari limekaa juu ya mchanga na tairi zinaelea, kazi ya dakika kumi ya sepetu imekuwa kazi ya masaa mawili. Shuka, fukua mbele na nyuma ya tairi, punguza upepo zaidi, rudi kinyumenyume kwenye alama zako mwenyewe. Na mtu akija kuwavuta, kamba isifungwe kwenye kile kidude cha duara cha kuvutia trela. Kikikatika kinaruka kama risasi, kimeshaua watu. Kamba inafungwa kwenye kulabu iliyoshikwa na chesesi, na mama asimame mbali, mbali kabisa, urefu wa kamba mara mbili.

Mkipotea au gari likifa, msitoke kutembea kutafuta msaada. Gari linaonekana kutoka mbali kuliko mtu, na lina kivuli. Namba ya dharura Oman ni 9999. Kabla hujaingia mtumie mtu pale Maskati ujumbe, tunaingia sehemu fulani, saa sita tusipokupigia tutafute.

Haya, mama na maji yake. Hili la kutokunywa kwa sababu ya choo nimelisikia kwa kina mama wote, na simlaumu, ana haki ya kuogopa kubanwa katikati ya jangwa. Lakini jangwani mwili unapoteza maji bila kukuaga. Unguja hewa ina unyevu, jasho linabaki juu ya ngozi, unaliona, unajua umetoka jasho. Huku hewa kavu inalinyonya kabla hujaliona, nguo kavu, uso mkavu, mtu anajiona yuko sawa kumbe anakauka. Kiyoyozi cha gari nacho kinakausha. Na umri ukipanda hisia ya kiu inapungua, kwa hiyo mama akisema sina kiu anasema kweli, ila haimaanishi mwili haujapungukiwa.

Na presha, mi si daktari, nimesomea huduma ya kwanza tu, kwa hiyo hapa nakupeleka kwa wenyewe. Kuna dawa za presha ambazo kazi yake ni kumtoa mtu maji kwa mkojo, na kuna nyengine ambazo haziendi vizuri na mwili uliokauka, mtu akisimama ghafla anaona kizunguzungu anaanguka. Mama aende kwa daktari wake Unguja kabla ya kupanda ndege, amwambie anakuja kutembea jangwani, amuulize dawa anywe saa ngapi siku hiyo na kiasi gani cha maji kinamfaa, manake kama ana tatizo la moyo au figo hata maji mengi yana kipimo chake. Usije ukamwambia wewe aache kidonge siku ya safari ili asikojoe. Hilo linafanywa sana na ni kosa kubwa.

Choo kinatatuliwa kwa kumpa mama ramani. Usimwambie "vipo njiani", mwambie hasa: tunasimama petroli ya kwanza baada ya kutoka mjini, alafu petroli ya Ibra, alafu Bidiya kabla ya mchanga, kila pahala pana msikiti na choo. Petroli nyingi za njia hiyo ziko hivyo. Ukimwonyesha kwamba hatakaa zaidi ya saa moja na nusu bila choo utaona chupa ya maji inapungua yenyewe. Na kusimama huko kunamfaa kwa jambo jengine, anyooshe miguu, katoka kwenye ndege juzi juzi na kukaa sana kunavimbisha.

Mwezi wa kwanza hamna joto la kutisha, mchana unakuwa kama 25 hivi na asubuhi mchangani kuna baridi, mama aje na shali. Mtu mwengine akisoma haya mwezi wa sita au wa saba asinifuate, hapo huko Bidiya joto linapita 45 na mi simpeleki mzee mchangani saa yoyote ya mchana. Lakini hata baridi, mkimuona anaumwa kichwa, midomo mikavu, mkojo mweusi kama chai, mwacheni apumzike kivulini anywe kidogo kidogo. Akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, au kuzirai, au kifua kinambana, au mkono na mdomo upande mmoja umelegea, hiyo si habari ya maji tena, ni 9999 au hospitali ya Ibra, mchanga na wageni vyote viachwe hapo hapo.

Wadi Bani Khalid. Wadi ni bonde la mto, na hili ni pazuri, maji ya kijani mwaka mzima, mitende, njia ya lami mpaka kwenye maegesho, gari dogo linafika. Ila wikiendi panajaa na kuna kutembea mpaka kwenye mabwawa. Kwa siku hii mi naitoa. Mkiamua kwenda siku nyengine angalia utabiri wa mvua, na usitazame mbingu ya juu yako tu. Mvua inanyesha milimani, mbali, huku kwenu jua kali, na baada ya muda maji yanashuka kwa ukuta mmoja, kwa sababu ile milima ni mwamba mtupu, hauna udongo wa kunywa maji, kila tone linateremka. Maji ya mwendo yenye kina cha sentimita 30 yanaanza kuelea gari dogo, 60 yanachukua gari kubwa. Aprili 2024 huko Samad al-Shan, Sharqiya hiyo hiyo, wadi ilichukua gari lenye watoto wa skuli, wakafa. Ukikuta maji yanapita barabarani simama, hata foleni nzima ya nyuma yako ikipiga honi. Kwanza kuvuka wadi inayotiririka ni kosa kisheria.

Usiku nao umeutaja kama kitu cha kawaida. Barabara kuu ni nzuri, pana, 120, kamera kila mahali. Hatari iko kwenye barabara za kando, Bidiya na kuelekea Sur, ngamia. Ngamia ni mrefu, miguu yake ndo iko usawa wa taa na boneti, kiwiliwili kiko juu. Ukimgonga unaikata miguu na yale mamia ya kilo yanakuja juu ya kioo cha mbele, kwenye vichwa vyenu. Na macho yake yako juu zaidi ya mwanga wa taa zako, hayang'ari mbali kama ya mbuzi. Ndo maana siku niliyokupangia inamaliza njia za kando mchana.

Anabaki mwenzake wa Sur. Hapa sikushauri umwache, nakushauri umpe siku yake. Njia ya pwani kutoka Maskati mpaka Sur ni masaa mawili na kitu, mkishapita Quriyat mnaona bahari upande wa kushoto, mnapita Hawiyat Najm lile shimo lenye maji ya kijani, Tiwi, Qalhat mji wa kale, na Sur kwenyewe mama ataona majahazi, likiwemo Fatah al-Khair lililojengwa hapo 1951. Mtu wa Unguja mbele ya jahazi la Sur hahitaji mtu wa kumfasiria. Kama ruhusa ya kazi ni siku moja tu, basi muulize mama nani kati yao wawili, mwache achague mwenyewe, na yule mwengine mpigieni simu ya video siku hiyo hiyo mkiwa hapo. Au huyu wa Sur aletwe Ibra na watoto wake, ni kilomita 170 au 180 hivi, Waomani kwenda umbali huo kwa ajili ya mgeni si kitu cha ajabu, lakini ombi hilo lipelekwe na huyo shoga wa Ibra, lisitoke kwako.

Zawadi: usinunue kitu cha dukani Maskati, huko wanavyo vyote. Mama afunge vitu vya nyumbani, karafuu za shamba, mdalasini, visheti, kashata za nazi, na kama ana picha ya zamani ya skuli aende kuitoa nakala, aitie kwenye fremu. Visheti aviweke kwenye bati lenye mfuniko wa kukaza na msilifungue Bidiya hata mkisikia njaa, upepo wa asubuhi pale mchanga unaingia kila kitu.